Malalamiko: mkoba wa bastola unaobonyeza kifyatulio

Mombasa,
17 Machi 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,
Nairobi.

Bwana Meneja,

MINT: MKOBA WA NGOZI WA KUVAA NDANI YA SURUALI, WA BASTOLA AINA YA GLOCK 19

Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka Kongowea na nina cheti halali cha kumiliki silaha. Mwezi Januari nilinunua dukani kwenu mkoba uliotajwa hapo juu kwa shilingi 6,500. Mkoba huo nusura unipige risasi ya paja, na nilipopiga simu, kijana wenu wa kaunta alinijibu kwamba ngozi ndivyo ilivyo.

Siku ile niliwekewa mikoba mitatu mezani. Wa nailoni, wa kuingia bastola yoyote, niliukataa palepale maana ulikuwa laini kama soksi. Wa pili ulikuwa wa Kydex, ile plastiki ngumu inayopashwa moto na kufinyangwa kwa umbo la bastola moja tu. Bastola ilipoingia ilishikwa kwa mlio, na nilipougeuza juu chini haikuanguka. Nilishauchagua huo. Muuzaji ndiye aliyenigeuza: plastiki itanichubua kwa joto la Pwani, akasema, na huu wa ngozi una bamba la chuma mdomoni, hautalala kamwe. Nikamwamini.

Wiki ya sita mdomo ukaanza kulala kila nikichomoa bastola. Usiku wa tarehe 2 Machi, nikiirudisha kiunoni, nilihisi kitu kinakinza. Sikusukuma. Niliitoa polepole, nikachomoa magazini, nikatoa na risasi iliyokuwa chemba, kisha nikawasha tochi. Ukingo wa ngozi, upana wa ukucha wa kidole gumba, ulikuwa umejikunja kuelekea ndani, mahali hasa panapopita kifyatulio. Nikajaribu mara tano bastola ikiwa tupu, nikiikoki upya kila mara. Mara mbili ilialika: tak. Mke wangu alikuwa mlangoni, akausikia mlio wa pili.

Glock 19 haina lachi ya usalama ya kufungwa kwa kidole. Kifyatulio kikibonyezwa, risasi inatoka, iwe kimebonyezwa na kidole au na ukunjo wa ngozi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mkoba, kabla ya kuficha na kabla ya starehe, ni kukikinga kifyatulio na kubaki wazi mdomoni ili mtu arudishe silaha bila kupapasa. Na lile bamba la chuma? Mshono umefumuka wenyewe pembeni na ndani nimeona kadibodi, imevimba kwa jasho.

Shemeji yangu huvaa Kydex mwaka wa pili sasa, katika joto hilihili. Ni kweli inamchubua, naye huvaa fulana ndefu ndani, basi. Mdomo wa mkoba wake haujabadilika hata kidogo. Mchubuko hupakwa mafuta ukapona.

Kibanio chenu nacho kiliwahi kuchomoka kwenye mshipi nilipoinama kunyanyua gunia, mkoba na bastola vikapanda hadi juu ya shati mbele ya wapagazi. Hilo ningelivumilia. La kifyatulio siwezi.

Naomba mnirudishie fedha zangu zote. Kijana wenu alisema bidhaa iliyotumika hairudishwi, lakini Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na ya kulindwa usalama wake. Zaidi ya fedha, iondoeni mikoba hii rafuni leo, na muwapigie simu wote walionunua. Mnao uwezo huo, kwani mimi mwenyewe mliniandika jina na nambari ya simu kwenye daftari lenu. Kuna mtu mwingine usiku huu anairudisha bastola yake kiunoni, na huenda yeye akasukuma.

Mkoba, risiti na video ya jaribio ninavyo. Nasubiri jibu lenu la maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Mteja, Kongowea