Kabati la gemu: tukuundie jipya au tubadilishe hilo la zamani?

Hili swali tunaulizwa sana na watu wanaotaka mashine ya gemu ya kusimama pale sebuleni, na wengi wakishapata kabati kuukuu lililoingia na kontena wanakuja na jibu lao kabisa, "fundi we toa vya ndani weka kompyuta." Jamani, tusubiri kwanza.

Kabati likifika kitu cha kwanza tunalilaza. Mbele linaweza kuwa linang'aa na stika zote zipo ila ukweli uko chini, maana mengi yametengenezwa kwa chipbodi au MDF, yaani chenga na unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, na hiyo ikishakunywa maji ya deki miaka na miaka, au ikakaa kwenye stoo yenye unyevu wa huku kwetu Dar, imeisha. Kuna moja tuliletewa nikagusa kona ya chini na bisibisi, ikazama kama kwenye andazi, na tulipolisimamisha pakabaki unga sakafuni. Skrubu haishiki pale. Tukachukua vipimo vya ubavu tukakata marine bodi ya milimita 18 tukaunda upya, mteja akabaki na umbo lile lile alilolipenda.

Sasa kama mbao ni nzima na kile kioo cha chogo, cha kizamani chenye mgongo kama wa TV za zamani, bado kinawaka, nakuomba sana usitoe vya ndani. Mashine nyingi za kuanzia 1985 zina mfumo wa waya unaoitwa JAMMA, plagi moja ndefu yenye meno 28 kila upande, unachomoa bodi (ile sakiti) ya gemu moja unachomeka bodi ya magemu mengi, na kioo, spika, joistiki (kile kijiti cha kuchezea) vinaendelea kama kawaida, na siku ukitaka kurudisha ya mwanzo unarudisha. Afu magemu yale yalichorwa kwa ajili ya chogo, kwenye flati picha inakuwa kali mno, haina ule ulaini wake.

Ila nyuma usifungue mwenyewe! Ile kofia ya mpira kwenye chogo inabeba maelfu ya volti na chaji inaweza kubaki hata ukishachomoa umeme. Na soma kibandiko, ikiandikwa volti 100 ya Japani au 120 ya Marekani usichomeke kwenye 230 yetu bila stepdauni, ile transfoma ya kushusha umeme.

Kuunda jipya tunakushauri kama huna kabati kabisa, au mlango wako mwembamba, au wachezaji ni watoto na unataka paneli ya joistiki na batani ishuke chini kidogo. Hapo tunaweka flati na kompyuta ndogo, ni jepesi, wakati lile la chogo kubwa linaweza kuvuka kilo 100. Kitu ambacho watu wanasahau ni kutuambia wanacheza gemu gani. Pac-Man ya 1980 inataka joistiki ya njia nne tu (juu, chini, kushoto, kulia), ukiiwekea ya njia nane, inayokwenda na mshazari, mkono unateleza kwenye kona unaliwa na zimwi, wakati Street Fighter II inataka njia nane na batani sita kwa kila mchezaji. Tukishatoboa paneli ndo basi tena.

Kwa hiyo kabla hujalipia usafiri tutumie picha tatu: chini ya kabati, kibandiko cha volti, na ile plagi ya bodi. Bei tunakutajia tukishaziona.