Kaka, kabla hujanunua hilo vumbi

Leicester, Uingereza, Jumanne usiku

Shikamoo kaka,

Naandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako huwa unaiweka spika pale mezani na mama akiwa sebuleni anasikia kila kitu, na hili sio la mama kusikia. Soma ukiwa peke yako, nenda hata ukakae kwenye mawe kule Bwiru jioni ukishafunga mzigo pale sokoni Mwaloni. Ukimaliza mpe shemeji naye asome, hilo nakuomba sana.

Ile voisi yako ya Ijumaa nimeisikiliza mara nne. Umeongea dakika saba nzima bei ya dagaa na mafuta ya injini, alafu mwishoni kabisa, sekunde kama ishirini hivi, ukasema mdogo wangu kule chumbani mambo hayaendi, mwezi wa nane huu, kuna jamaa stendi anauza vumbi la Kongo, ile dawa ya unga ya nguvu za kiume, wanalisifia, we unaonaje. Miezi nane kaka! Miezi nane unabeba peke yako na kila Jumapili tukiongea unaniambia huku kwema. Iliniuma mpaka nikashindwa kula. Ahsante kwa kuniambia, najua ilivyokuwa ngumu, sisi tumelelewa kwamba ngosha, mwanaume wa Kisukuma, haumwi na hasa haumwi hapo.

Sasa nisikilize, kazi yangu hii ya uuguzi huku nakutana na wanaume wenye hilo tatizo kila wiki, wazee kwa vijana, kwaiyo sikuambii vitu vya kuokota.

Uume kusimama ni kazi ya damu. Ukipata hamu, ubongo unatuma habari kwa mishipa ya fahamu, mishipa ya damu ya kule chini inalegea, damu inaingia kwa nguvu na inabanwa isirudi haraka. Kikiharibika kimoja kati ya hivyo, ubongo, fahamu, damu au homoni, basi unaona hayo unayoyaona. Na mishipa ya pale ni myembamba kaka, milimita moja mpaka mbili tu, wakati ile ya moyo ni kama milimita tatu mpaka nne. Unakumbuka mabomba ya nyumba ya Igoma yalivyoanza kushika kutu, maji yalikata kwanza kwenye lile bomba dogo la nyuma, la mbele likaendelea kutoka kama kawaida na sisi tukaona hakuna shida? Ndivyo ilivyo mwilini. Mafuta na presha na sukari vikianza kuharibu mishipa, midogo inalalamika kwanza, na mwanaume anaweza akakaa miaka miwili, mitatu, hata mitano ndo moyo nao unagonga.

Nisamehe kwa hili ninalotaka kusema. Baba alivyoanguka pale gatini Kamanga watu walisema katupiwa, na mpaka leo kuna ndugu hawasalimiani kwa ajili ya maneno yale. Siku za matanga shangazi alinivuta pembeni akaniambia baba na mama walikuwa wameshahamana vyumba kama miaka mitatu, na baba alikuwa anaenda kwa mganga kule Sengerema kwa siri maana aliona kafungwa. Sikumwambia mtu, niliona ni aibu ya mzee. Nilipokuja kusoma huku ndo nikaunganisha. Sina cheti cha kipimo chochote cha baba kwaiyo siwezi kuapa, ila siku hizi mwanaume akisema nguvu zimepungua, mimi naanza kumuuliza habari za moyo.

Ndo maana nakuuliza na wewe. Wewe mwenyewe ulisema mwezi wa sita unaamka usiku mara tatu kukojoa na unakunywa maji kama mtu katoka jangwani, ukasingizia joto la Mwaloni. Kaka hiyo inaweza kuwa sukari. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa ya damu na ya fahamu kwa pamoja, na ndo moja ya sababu kubwa kabisa za hili tatizo. Nenda asubuhi hujala kitu, wapime. Ikifika 7.0 au zaidi hapo wakiwa wamerudia kipimo ndo wanasema una kisukari. Wapime na presha, na mafuta ya damu. Hospitali ya Sekou Toure wanafanya, ya Bugando wanafanya, sio mambo ya kwenda Dar.

Na presha nina neno nayo. Shemeji aliniambia dawa ulizopewa mwaka jana umeacha kwa sababu mtu wa kijiweni alikwambia zinaua nguvu za kiume. Huyo mtu kasema nusu. Kweli zipo dawa za presha zinazoweza kuleta hiyo shida, zile za kukojosha kama hidroklorotiazaidi, na za aina ya atenololi. Lakini presha yenyewe isipotibiwa inaharibu zaidi, na dawa nyingine zipo, kina losatani na amlodipini, hizo kwa kawaida hazisumbui huko. Ungerudi kwa daktari ukamwambia tu hii dawa inanisumbua chumbani, angekubadilishia. Wanasikia hayo kila siku. Kuacha kimya kimya ndo kubaya, tafadhali rudi kabla ya kitu kingine chochote.

Na hayo unayowaza, kwamba yule mwanamke wa Ukerewe kakufunga kwa uchawi, kaka, mimi siwezi kukukataza unachoamini ila jiulize kitu kimoja. Alfajiri ukiamka, inasimama yenyewe au hapana? Kama asubuhi inasimama vizuri na kwa shemeji inagoma, mara nyingi mishipa iko salama na tatizo ni mawazo, madeni, uchovu, hofu ya kushindwa tena. Mimi mwenyewe yalinikuta mwaka wa kwanza huku, nafanya kazi za usiku, silali, nawaza ada, nikadhani nimeisha. Nilienda kuongea na daktari, nikapunguza zamu, ikarudi taratibu. Kama hata asubuhi hakuna kitu basi mwambie daktari hivyo hivyo, inamsaidia kujua aanzie wapi.

Sasa hilo vumbi. Usinunue. Karanga mbichi, muhogo na nazi kula, ni chakula, ila havizibui mshipa. Vumbi na vidonge vya asili vya kufungia kwenye karatasi ndo naviogopa, kwa sababu maabara za nchi nyingi, Marekani wakiwemo, wamevipima mara nyingi wakakuta ndani wamesagia sildenafili, ile dawa ya Viagra, bila kuandika, na hujui wameweka kiasi gani. Mtu anayetumia dawa za moyo za aina ya naitreti, zile za kuweka chini ya ulimi, akichanganya na hiyo, presha inaporomoka ghafla na anaweza kufa pale pale kitandani. Nasikia hasira sana nikifikiria wanavyowauzia watu wenye presha pale stendi bila kuuliza swali hata moja.

Na sildenafili yenyewe ikitumiwa inavyotakiwa ni dawa nzuri. Waliitengeneza huku huku Uingereza, mji unaitwa Sandwich, wakaijaribu kwa maumivu ya moyo, moyo haukupata nafuu waliyotegemea ila wanaume wakaripoti kitu kingine, na mwaka 1998 Marekani ikaruhusiwa kwa tatizo hili. Huku tangu 2018 unanunua ya miligramu 50 famasi bila cheti, lakini mfamasia lazima akuulize kwanza moyo wako, presha yako, dawa unazotumia. Daktari akikuandikia, meza kama saa moja kabla, usimeze ukiwa umeshiba nyama choma maana mafuta yanaichelewesha, na usirudie siku hiyo hiyo. Haisimamishi yenyewe, lazima uwe na hamu. Ikigoma siku ya kwanza usikate tamaa, ijaribu siku kadhaa. Ipo na tadalafili, hiyo inakaa mpaka saa 36. Na ikitokea imesimama zaidi ya masaa manne hailali, kimbia hospitali usiku huo huo, usione aibu. Vidonge vikishindwa kuna pampu, kuna sindano, kuna hata upasuaji, na homoni ya kiume wanapima asubuhi, wakikuta iko chini ndo wanakupa, usidungwe tu kienyeji.

Sigara acha. Najua nimesema miaka yote, safari hii nakuomba kwa mikono miwili, na pombe punguza, na jioni tembea kwa miguu kutoka Mwaloni angalau mpaka mjini kabla hujapanda daladala.

Shemeji alinipigia wiki iliyopita akilia, anadhani una mwanamke mwingine. Hakuniambia sababu ila sasa nimeelewa. Mwambie leo kaka. Nenda naye hospitali kama atakubali, na huyo atakubali.

Nimetuma laki moja na nusu kwenye namba yako, ni ya vipimo na nauli, usiiingize kwenye mzigo wa dagaa. Ukipata majibu piga picha karatasi unitumie, usiandike neno lolote, nitaelewa. Alhamisi nimetoka zamu, nitakupigia saa tatu usiku ya huko, kaa nje na simu.

Mama msalimie, mwambie sweta imefika na nimeivaa.

Mdogo wako