Barua ya wazi kwa shangazi yangu mwenye daftari

Shikamoo shangazi,

Natumai masika ya mwaka huu hayajakufika kitandani, na lile bati la ukumbi wa nyuma limeshapigiliwa misumari. Huku baridi imeachia. Theluji imeyeyuka, njia za miguu ni matope matupu, na watu wanatembea na fulana kwenye jua ambalo wewe ungelivalia sweta mbili.

Nakuandikia hadharani kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikigusa tu habari ya daftari lako la mashairi, mtandao wa Pemba unakatika. Nikisema habari ya samaki, mtandao unarudi. Basi nimeona niyaweke hapa, wajukuu wakusomee wakiwa wamekuzunguka, usipate pa kutokea. Jina lako sijalitaja wala mtaa wako, kwa hiyo usinune.

Mara ya mwisho uliniuliza watu wanafuata nini kwenye nyumba ya mwanamke aliyekufa, yule mshairi wa Kimarekani Emily Dickinson, tena wanalipa kiingilio. Ukaniambia, kama ni ziara, mbona hawasomi hitima? Nikacheka tu. Sasa nakujibu.

Nyumba yenyewe iko Amherst, mji mdogo wa wanachuo magharibi mwa jimbo la Massachusetts, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Boston. Ni ya matofali, imepakwa manjano iliyokolea, na luva za madirisha ni za kijani. Aliijenga babu yake Emily mnamo 1813 hivi. Babu huyo alikuwa miongoni mwa walioanzisha chuo cha pale mjini, akakitolea mali yake mpaka akafilisika, nyumba ikaenda kwa wengine. Emily alizaliwa humo tarehe 10 Desemba 1830. Utotoni walihama, na mwaka 1855 baba yake akainunua tena, wakarudi. Akakaa humo hadi alipofariki tarehe 15 Mei 1886, na miaka yake mingi ya mwisho hata nje ya uwanja wao alikuwa hatoki. Ng'ambo ya bustani iko nyumba ya kaka yake Austin na mkewe Susan, inaitwa The Evergreens, ya mwaka 1856. Tangu 2003 nyumba hizo mbili ni makumbusho moja.

Baridi ikiwa kali wanafunga. Karibu na mwezi wa tatu wanafungua tena, na hapo ndipo pilikapilika za majira ya machipuko zinapoanza. Lakini kufungwa kulikokuwa kurefu ni kule kwa mwaka 2020, gonjwa lilipoingia. Wenyewe hawakukaa kungoja. Waliitumia nafasi hiyo kuitengeneza nyumba kubwa: karatasi za ukutani, mazulia, na mitambo ya kudhibiti joto na unyevu ndani. Wakafungua Agosti 2022. Hilo la unyevu lishike, maana nina neno nalo.

Chumba chake kiko ghorofani, pembe ya kusini-magharibi, kinapata jua la mchana kutwa. Kuta zina maua ya waridi, yaliyochapwa upya kwa kufuata vipande vya zamani vilivyofichuka mafundi walipokuwa wakibandua. Meza yake ya kuandikia utaicheka. Ya mraba, kila upande kama sentimita 45. Sinia lako la kahawa halikai juu yake. Na hiyo unayoiona si yenyewe, ni ya kuiga. Yenyewe iko Chuo Kikuu cha Harvard. Lile gauni jeupe analosifiwa nalo nalo ni nakala, la asili linatunzwa na jumuiya ya historia ya mji. Anayekuzungusha anakwambia haya mapema, bila kuulizwa, wala haoni haya. Hilo lilinipendeza kuliko waridi za ukutani. Ukitaka kukaa chumbani humo na karatasi zako, mlango ukafungwa, ukaandika saa moja au mbili peke yako, kuna ada yake. Najua unavyosema sasa hivi: mimi chumba cha bure ninacho.

Chini, upande wa mashariki, kuna kijumba cha vioo cha maua alichojengewa na baba yake 1855. Walioinunua nyumba mwaka 1916 walikibomoa. Mwaka 2017 kikasimamishwa upya pale pale, na sehemu ya madirisha ni yale ya asili yaliyokuwa yamehifadhiwa. Humo alikuwa na asumini, shangazi, theluji ikiwa imefika magotini nje. Kuna barua ya mwaka 1866 aliyomwandikia rafiki yake, akasema yeye akivuka sakafu tu huwa amesimama kwenye Visiwa vya Viungo. Usianze kudai. Ninavyodhani mawazo yake yalikuwa kwenye visiwa vya Maluku huko Asia. Ila niliposimama pale nilichukua haki ya Pemba kimya kimya, na hakuna aliyenizuia.

Jambo lililonifanya nikukumbuke zaidi halimo hata katika nyumba hiyo, limo kwenye karatasi zake. Huyu mwanamke aliandika mashairi juu ya chochote kilichokuwa karibu: bahasha zilizofunguliwa, karatasi ya chokoleti, vipande vya barua. Na shairi moja liko nyuma ya maelezo ya keki ya nazi. Ndiyo, nazi, Massachusetts, karne ya 19! Nazi kikombe kimoja, unga vikombe viwili, sukari kimoja, siagi nusu, maziwa nusu, mayai mawili, magadi kidogo. Hana hiliki, masikini. Ukigeuza upande wa pili unakuta beti zake kwa mwandiko wake. Mkate wake nao ulipata zawadi ya pili kwenye maonyesho ya kilimo ya 1856, na mjini watu wengi walimjua kwa bustani na upishi kuliko kwa tungo.

Maana tungo hawakuziona. Enzi zako za magazeti, mshairi akimaliza anajitaja kwenye beti la mwisho, halafu chini yake anaweka lakabu, mji na Sanduku la Posta, asije mtu akamwibia. Emily aliandika mashairi karibu 1,800, na yaliyochapwa akiwa hai ni kama kumi tu, hayana jina lake. Mengine aliyanakili kwa usafi, akayashona kwa uzi kuwa vijitabu 40, akayaweka chumbani. Wa nyumbani walijua kwamba anaandika. Kwamba ni mengi kiasi kile, hata mdogo wake Lavinia, waliyekaa wote maisha yao yote, hakujua.

Alipokufa, Lavinia alianza kwa kuchoma barua, kwa sababu marehemu alikuwa ameagiza hivyo. Kuhusu mashairi hakukuta agizo. Jambo la kwamba leo tunayo limetegemea uamuzi wa mtu mmoja mwenye huzuni na jiko linalowaka. Wapo pia wanaomtaja Margaret Maher, mtumishi wao kutoka Ireland, ambaye sanduku lake la nguo lilikuwa sehemu mojawapo ya kuyahifadhia.

Baada ya hapo ndiyo mambo ya kwenye taarabu. Lavinia alimpa kwanza wifi yake Susan, akaona anachelewa. Akampelekea Mabel Loomis Todd, ambaye alikuwa hawara wa Austin, mume wa huyo huyo Susan. Astaghfirullah, najua. Mabel akafanya kazi kweli, akishirikiana na mwandishi Thomas Wentworth Higginson, na kitabu cha kwanza kikatoka 1890. Lakini walimnyoosha. Wewe mwenyewe ungemnyoosha, tusidanganyane: alipenda kwenda kwa mizani nane na sita, nane na sita, kama nyimbo za kanisani kwao, halafu vina vyake vinakaribiana bila kukutana, na katikati ya mstari anatia vistari vya kukata pumzi. Wahariri wakarekebisha vina, wakafuta vistari, wakabandika vichwa vya habari kwenye mashairi ambayo mwenyewe hakuyapa vichwa. Msomaji wa 1890 alimpenda Emily ambaye sehemu yake alikuwa Mabel.

Austin akafa 1895. Ukazuka ugomvi wa kipande cha ardhi, Lavinia akamshitaki Mabel, kesi ikaisha 1898 kwa Lavinia kushinda. Mabel naye akachukua karatasi alizokuwa nazo akazifungia kwenye kasha la mti wa kafuri. Zaidi ya miaka thelathini kasha halikufunguliwa. Mamia ya mashairi yaliyokuwa humo hayakuchapwa mpaka 1945, na toleo la kwanza lenye mashairi yote, yakiwa na vistari vyake, lilitoka 1955. Yaani miaka 69 baada ya mazishi. Hadi leo karatasi zenyewe zimegawanyika, nyingine Harvard na nyingine Amherst, kwa sababu ya wanawake wawili waliokuwa hawasalimiani.

The Evergreens nayo iliponea padogo. Mpwa wa Emily, Martha, aliyefariki 1943, aliacha wosia kwamba warithi wake wakishaondoka nyumba ibomolewe kuliko kuingia mgeni. Haikubomolewa, ndiyo maana tunapita ndani, karatasi za ukutani zimefifia, fanicha ziko zilipoachwa. Mimi naipenda kuliko ile iliyotengenezwa. Wengine wanaiona ya huzuni.

Sasa swali lako la hitima. Mwezi wa tano, karibu na siku aliyofariki, makumbusho huandaa matembezi ya mashairi. Watu hukusanyika nyumbani kwake, wanatembea mjini wakisimama hapa na pale, na kila kituo yanasomwa mashairi yake kwa sauti. Anayetaka anasoma. Mbele yangu alisoma mtoto wa shule, harakaharaka, macho chini. Baada yake mzee mmoja mwenye fimbo ambaye hakuhitaji karatasi. Mwisho ni makaburini West Cemetery. Mwaka 1886 jeneza lilitolewa mlango wa nyuma, likabebwa na vibarua sita wa Kiayalandi waliokuwa wakifanya kazi kwenye uwanja wa familia, likapitishwa bustanini na katikati ya majani hadi kaburini. Mwenyewe ndivyo alivyotaka. Kwenye jiwe wameandika kwamba ameitwa arudi, maneno aliyowaandikia binamu zake siku zake za mwisho. Wageni huacha kalamu na penseli juu ya jiwe. Hawasomi hitima, lakini kusoma wanasoma.

Mengine ya msimu huu ni bustani, ambako watu wa kujitolea wanakuja kupalilia na kupanda, na usomaji wa washairi walio hai, mwingi wake mtandaoni. Huo naweza kukuunganisha hata kesho, ukikubali wajukuu wakushikie simu.

Nirudi kwenye unyevu. Wenzetu wametia mitambo kwa ajili ya karatasi za ukutani. Wewe daftari lako la jalada la kijani liko chini ya kitanda, kwenye mfuko wa plastiki, Pemba, mwezi wa nne. Mchwa wa nyumba ile nawajua tangu utoto. Na wino wa kalamu uliotumia miaka ile ya kupeleka mashairi redioni ulikuwa umeanza kuchuja nilipolichungulia mara ya mwisho, kabla hujaninyang'anya.

Sikuombi uchapishe. Sitaki kuifanya nyumba makumbusho, wala hakuna atakayelipa kiingilio kuona kitanda chako, na ukumbi ule unavuja. Naomba vitu vichache. Mjukuu wako wa Wete ana simu nzuri ya picha. Mwezi wa sita, mvua ikipungua, akija mpe daftari akae nalo barazani mbele yako apige kila ukurasa, na wewe ukiwa umekaa hapo hapo. Pale ulipofuta mstari ukaandika mwingine juu yake, mwambie kipi ndicho, au mwambie aache vyote viwili. Yale ya kumjibu jirani yetu marehemu, mwaka ule wa mashindano, mtajie sababu ya ugomvi, kwa sababu bila hiyo nusu ya mafumbo hayafumbuki. Na useme, mbele ya mashahidi, ni nani mmoja tu atakayeshika daftari baada yako, ili mimi na binti zako tusije tukafikishana kwa kadhi kama Lavinia na Mabel.

Na kama yapo unayotaka yateketezwe, yachome mwenyewe wiki hii, usiniachie mimi kazi hiyo.

Wasalimie wote. Karafuu ulizotuma zimefika, afisa wa uwanja wa ndege alizinusa akaniachia.

Mwanao, Massachusetts