Kwako sahibu, uliyelihama baraza

Sahibu yangu,

Asalaam aleikum. Simu hupokei, na nikituma mtoto anarudi na jibu lile lile, "amelala", saa tano ya mchana. Basi nakuandikia hadharani. Jina lako nimelisitiri, na najua hapa Lamu wapo wengine barua hii itawaingia.

Wanaokuja kwako wanakwambia ujikaze, wewe mwanamume. Wengine wanasema ni hasadi, utafute wa kukusomea. Kusomewa sina neno nako, na nyiradi zako usiziache. Ila huko kujikaza! Mtu hata kuoga kumemshinda, ajikaze kwa nguvu gani?

Katika kikundi chetu cha kusaidiana kupambana na sonona, huo ugonjwa wa huzuni nzito, tumefundishwa kuanza na tendo, hamu ije baadaye. Ukingoja moyo utulie ndipo uinuke, utalala mpaka kaskazi. Wala si maneno ya mtaani haya. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza wa watu 440 wenye sonona: tiba ya vitendo, iliyotolewa na wahudumu wa ngazi ya chini, haikuachwa nyuma na tiba ya kurekebisha fikra na mwenendo (CBT) iliyotolewa na wabobezi. Kule Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na akina bibi wa mitaani: wanakaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati, wanamsikiliza, kisha wanamsaidia kuchagua tatizo moja la kushughulikia kwanza. Mabaraza ya kukalia nje ya nyumba tunayo sisi tangu enzi za mababu, tumeyajaza keram na siasa za kaunti.

Lakini najua kwa nini umelikimbia baraza. Mji wetu ukipiga chafya Mkomani, Langoni wanakuombea afya. Ndiyo maana sisi hukutana juu darini, na linalosemwa huko haliteremki ngazi.

Kazi yenyewe ni ya daftari. Unapiga mistari: saa, ulichofanya, na moyo ulikuwaje, sifuri mpaka kumi. Mwanzo hubadilishi kitu, unaandika tu. Baadaye tunaketi wawili tukitafuta saa ambayo moyo ulipanda, hata kutoka mbili kwenda tatu. Kuna mwenzetu aliyeapa kwamba siku zake zote ni giza tupu, daftari likaonyesha kila akienda kumlisha punda alama inasogea. Hakuamini. Tukamwongezea zamu ya punda jioni.

Wewe una mashua, iko mchangani tangu kusi lianze. Sikwambii uishushe. Kesho baada ya alasiri chukua chembeu na nyundo, pamba uloweshe sifa, yale mafuta ya samaki, ukalafati ufa mmoja, urefu wa shubiri. Kabla ya kuanza andika alama, ukimaliza andika nyingine. Shubiri ikiisha, weka nyundo chini hata kama mkono bado unataka, maana siku ya kupania ndiyo inayomlaza mtu siku tatu. Alama isipopanda, tutapunguza kazi au tutatafuta nyingine. Harufu ya sifa tu, mimi naitegemea zaidi kuliko hotuba zangu.

Sisi si madaktari, na kuna mzigo usiobebwa na daftari. Kama wazo la kujitoa uhai limekupitia, niambie kwa jina lake, usilizunguke, nami nitakupeleka hospitali siku hiyo hiyo na nitakaa nawe kwenye foleni. Polisi wasikuzibe mdomo: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio hilo kuwa kosa kinakiuka Katiba.

Daftari nimempa kijana wako, na kalamu ndani yake. Nitapita Ijumaa baada ya sala kulitazama. Kama hukufanya lolote ila kulala, andika "nimelala", na saa, na alama yake.