Wazazi wa awali Majengo, Pasua na Njoro: kikao ni Jumamosi

Habari za jioni wazazi wenzangu, poleni na majukumu.

Uandikishaji wa darasa la awali umeshaanza na Januari haiko mbali. Tukutane Jumamosi hii saa 10 kamili jioni, nyumbani kwa katibu, Majengo. Jumapili imeshindikana, wengi wana harambee kanisani.

Kabla ya hapo naomba:

1. Kila mtu apite shule ya serikali iliyo karibu naye. Usiulize tu kama nafasi ipo, uliza watoto wangapi kwa mwalimu mmoja. Mwongozo wa serikali ni 25. Darasa nililochungulia juzi watoto wamebanana wanne kwenye dawati la wawili, wengine mkekani, na mwalimu yuko peke yake anachonga penseli huku anamfunga mwingine kamba za viatu. Mchangamfu kweli, lakini mikono ni miwili tu!

2. Angalia vyoo, na mtoto atavukia wapi barabara.

3. Ada hakuna, ila ulizia mchango wa uji.

Mimi naona bora shule ya mbali kidogo yenye darasa dogo. Najua nauli ya bodaboda nayo ni hesabu, tutabishana hapo hapo.

Chai ni 2,000, imfikie mweka hazina kabla ya Ijumaa mchana. Ambaye mtoto hana cheti cha kuzaliwa aanze kufuatilia RITA sasa.

Tafadhali andika NAKUJA na shule utakayopita, mwisho Alhamisi saa 2 usiku. Akina baba, nanyi pia.