Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: kausha damu wamechukua rehani aibu zetu

Mheshimiwa Gavana,

Shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani, Mbagala. Mwaka jana nilikopa shilingi 200,000 kwa wakopeshaji ambao mtaani tunawaita kausha damu, ninunue vitenge vya kushona kabla ya sikukuu. Mkononi nilipewa 180,000. 20,000 ilikatwa juu kwa juu, ikaitwa fomu na bima. Nikarejesha 10,000 kila siku kwa siku 26. Nimeshamaliza, sidaiwi na mtu, kwa hiyo siji kwako kuomba nisamehewe deni.

Naja kwa sababu ya Jumatano moja. Kwenye kikundi chetu tulikuwa wanawake 8, tumedhaminiana. Mwenzetu mmoja, muuza samaki, hakutokea na rejesho. Mwanawe mdogo alikuwa amelazwa. Afisa mikopo akasema haondoki mtu mpaka hela itimie. Tukakaa barazani kuanzia saa nne, wengine wameacha biashara zimefunikwa turubai. Ilipofika adhuhuri tukaongozana hadi kwake. Tukamkuta binti yake anaosha vyombo. Tukatoa jiko la gesi, feni na godoro. Lile godoro upande mmoja nililishika mimi, shuka ikiwa bado imetandikwa, na yule mtoto amesimama na sufuria mkononi anatuangalia. Mama yake hanisalimii mpaka leo, na simlaumu.

Nikilieleza hili naambiwa ndiyo soko huria: alitaka mwenyewe, akasaini mwenyewe. Mheshimiwa, mimi ni mfanyabiashara, soko nalijua. Mama yangu alipanga foleni ya sabuni kwenye duka la kaya, na sitamani turudi huko. Sheria ya mabenki ya 1991, iliyokuja baada ya kazi ya Tume ya Nyirabu iliyochunguza mabenki yetu, iliwafungulia mlango watu binafsi, nasi tumenufaika. Lakini nikienda Kariakoo kununua kitenge, bei natajiwa, napunguziwa, nikishindwa nahamia duka la pili. Mkopo huu bei yake hakuna anayeitaja. Kwenye fomu yangu riba iliandikwa asilimia 3.5 kwa mwezi, ule ukomo wenu wenyewe kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana. Hiyo ni 7,000 kati ya 60,000 nilizorejesha juu ya mkopo. Zile 53,000 nyingine zilipewa majina: ada ya huduma, ada ya ufuatiliaji, ada ya ofisi.

Tena hela yenyewe sikukaa nayo mwezi mzima, maana marejesho yalianza kesho yake. Nimepiga hesabu na kijana wangu wa sekondari: kwa wastani nilikuwa na kama 90,000 yao mkononi, na nimeilipia 80,000, yaani zile 60,000 na 20,000 iliyokatwa mwanzo, kwa muda usiofika mwezi. Mwenye kiu haulizi bei ya maji, na mtoto akiwa wodini husomi fomu. Makubaliano yanayopatikana saa kama hiyo yana saini, lakini hiari haimo.

Na dhamana ni nini? Sisi hati za nyumba hatuna. Tunachoweka rehani ni sura zetu mbele ya majirani. Wakopeshaji wa kwenye simu wanafanya yale yale bila hata kufika mlangoni: programu inachota namba zote ulizohifadhi, ukichelewa, mkweo anatumiwa ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na tulifurahi kweli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo ipo. Ila anayekuja na pikipiki na daftari hasimami kwenye orodha ya programu, na wapo wenye leseni ukutani wanaofanya mambo haya haya.

Ninachoomba ni kwamba kila kinachokatwa, kiitwe ada, bima au fomu, kihesabiwe kuwa riba na kiingie ndani ya ukomo wenu. Karatasi ya kwanza ya mkataba iandikwe kwa Kiswahili na kwa tarakimu kubwa: utakachopewa mkononi, utakachorudisha chote, kwa siku ngapi. Mali ya mtu isitolewe ndani bila amri ya baraza au mahakama, na kadi ya benki ya mwalimu aliyekopa isikae kwenye droo ya mkopeshaji kama dhamana. Pia kuwe na mtu wa kupokea malalamiko kwenye ofisi ya kata, kwa sababu muuza samaki hawezi kuacha beseni lake aende kutafuta ofisi zenu mjini.

Daftari langu la marejesho ninalo, saini zote 26 zimo, na fomu yenye zile ada nimeichomeka ndani yake. Mkaguzi wako akija nitampa, na nitampeleka mwenyewe mpaka kwenye ile baraza tuliyokaa Jumatano ile.

Wako mtiifu,
Fundi cherehani, Mbagala, Dar es Salaam