Kwenu mliosongamana mbele ya valve, ubao wa matangazo, pale Kasapa

Wanangu,

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu chuoni Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Niliwakuta mmebanana mbele ya valve, simu juu, mnapiga picha karatasi zilizobandikwa moja juu ya nyingine. Nikamsikia mmoja akimuuliza mwenzake, "Fakulte gani ni rahisi kuingia?" Neno hilo nimerudi nalo hadi mtaani kwangu Katuba, bukari, ugali wetu, ikapoa mezani.

Mlango wa kuingilia mnautazama sana. Wa kutokea je?

Mimi niliingia Kasapa enzi za UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Mwaka 1971 Serikali ilifanya vyuo vikuu vya Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi kuwa kimoja, ikagawa fakulte. Masomo ya lugha na fasihi yakaja huku. Aliyeyataka alihama kwao. Chumbani kwangu alikuwepo kijana wa Mbandaka, Kiswahili alikianza kwa kuomba chumvi. Mwaka 1981 vyuo vikaachana tena, lakini yule bwana alikwisha oa mtaani Kamalondo, hapa hapa mjini.

Sasa sikilizeni hesabu. Sisi tulisoma graduati, ngazi ya kwanza, miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Ninyi, tangu mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora) ulipoanza kwa wote mwaka wa masomo 2021-2022, mna lisansi ya miaka 3, masta ya 2, doktora ya 3. (Tiba ina hesabu yake, tena ndefu, waulizeni wa huko.) Basi mjomba akikuambia, "Lisansi inatosha, mimi nayo nilipata kazi," mheshimu, lakini kumbuka yake ilikula miaka 5. Jina ni lile lile, mzigo si ule. Baba anayehesabu minervali, ada ya chuo, ya miaka 3 aambiwe mapema, kabla hajauza kiwanja.

Kwa hiyo kabla ya kujiandikisha, uliza kama baada ya lisansi hiyo kuna masta hapa hapa, au utafunga mizigo. Uliza nani anafundisha: profesa anayeishi mjini, au anayeshuka ndegeni, anamwaga kozi nzima kwa wiki mbili na kuondoka? Halafu uliza nani ataongoza memwari yako, lile andiko la kumalizia masomo. Hili nalijua kwa mwili wangu. Nilipoendelea na masomo ya juu, katika chuo nisichokitaja, mwelekezi wangu alisafiri bila kuaga. Kurasa zangu zililala kabatini mwaka mzima. Karani alikuwa na jibu moja: "Pita Jumatatu." Jumatatu ngapi, jamani! Viatu viwili viliisha soli.

Tena acheni kucheka. Anayesoma tiba ya mifugo mnamwita daktari wa mbuzi. Nyama mnayoteremshia bukari mnataka ipimwe na nani? Na huko kwenye sheria na uchumi mnakorundikana, wengi wenu hamkupapenda, mmefuata rafiki. Mji huu umekaa juu ya shaba na kobalti, lakini hata jiolojia msiikimbilie kwa sababu ya pikapu za kampuni tu. Kama hesabu ilikutesa sekondari, itakufuata hadi mgodini.

Mjukuu wangu aliandika maswali yale matatu nyuma ya bahasha, akaingia kwa katibu wa idara. Mawili yalijibiwa pale pale. La mwelekezi, akaambiwa apite Jumatatu.

Nimemwambia apite. Nitakuwa naye.

Babu yenu, Katuba